Kikundi chetu kikiingia chamani, tutapata au tutapoteza?

NahodhaMdogo, Matondoni
Assalamu alaykum. Tuna kikundi cha wavuvi na kina mama wauza samaki. Twadai gati litengenezwe, na tuulizwe kabla mradi wowote haujaingia baharini. Juzi bwana mmoja anayewania uwakilishi wadi alikuja barazani akatuambia tujiunge na chama chake sote, ati lengo letu ni moja. Wazee wengine washakubali. Kikundi cha kushinikiza serikali na chama cha siasa, si vyote siasa? Tofauti iko wapi?

MaalimMstaafu, Malindi
Waalaykumu ssalam mwanangu. Siasa ni vyote viwili. Lakini chama kinataka kiti. Kinasajiliwa kwa Msajili wa Vyama, kinasimamisha wagombea, na lazima kiwe na la kusema juu ya kila kitu, toka kodi hadi hospitali. Nyinyi mwataka aliyekikalia kile kiti, awe nani, awatimizie jambo lenu. Ndiyo maana kwenye mkeka wenu mtu wa chama hiki na mpinzani wake waweza kukaa pamoja.

Tazama Kwasasi, hapo hapo kwenu Lamu. Mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikuwa na baraka za serikali, na NEMA, mamlaka ya serikali ya mazingira, ikatoa leseni 2016. Save Lamu, muungano wa wakazi walioupinga, hawakusimamisha mgombea. Walizunguka vijijini, wakaandamana, wakaenda kwenye mahakama maalum ya mazingira. Tarehe 26 Juni 2019 leseni ikafutwa, sababu kubwa ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Serikali ilikuwa ile ile, na si kura iliyoifuta.

Sasa kumbuka FORD. Agosti 1991 ilizaliwa kama kundi la shinikizo, kwa sababu vyama vingine zaidi ya KANU, chama tawala, vilikuwa haramu. Ilidai jambo moja, mfumo wa vyama vingi, na Desemba mwaka ule ule kifungu cha 2A cha Katiba, kilichoruhusu chama kimoja tu, kikaondolewa. Nilikuwa mwalimu kijana. Sijaona tena umoja kama ule. Ikageuka chama, na swali likawa nani awe rais. Kabla ya uchaguzi wa 1992 ilishapasuka: FORD-Kenya ya Oginga Odinga, FORD-Asili ya Matiba. Rais Moi wa KANU akashinda. Bado inaniuma.

MamaShela
Maalim, nakuheshimu, ila sheria haipitishwi ufuoni. Wangari Maathai alianza kulipinga lile jumba la ghorofa 60 lililotaka kujengwa Uhuru Park, Nairobi, mwaka 1989 hadi likaachwa, akiwa na Green Belt tu, shirika lake la kupanda miti, sawa. Lakini 2002 aligombea Tetu akaingia bungeni. Alijua pia mlango ule una kazi yake. Tena si kila shinikizo ni la wanyonge. Wenye makampuni nao wanashinikiza, na wao hawaandamani, wanapiga simu. Mbunge nitamnyima kura. Hao nitawanyima nini?

MaalimMstaafu
Hilo la simu ni kweli, dada yangu, na ndilo hatari kuliko yote. Kuhusu Wangari, aligombea yeye. Green Belt haikugeuzwa chama. Nahodha, anayetaka siasa miongoni mwenu na agombee, mumwombee dua, ila aache uongozi wa kikundi kwanza.

NahodhaMdogo
Shukrani. Na huyu bwana tumjibu nini? Ni jamaa yetu, hatutaki kumvunjia heshima.

MamaShela
Mkaribisheni tena, na wapinzani wake wote siku hiyo hiyo. Andikeni madai yenu ukurasa mmoja: gati, na kushirikishwa. Kila mgombea atie sahihi mbele ya watu. Nakala nyingine ipelekeni bunge la kaunti kama ombi rasmi. Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa haki hiyo, hamhitaji kadi ya chama. Na sahihi za kina mama ziwe juu pamoja na za wavuvi, msiziweke ukurasa wa nyuma.