Waziri ajibu kwa karatasi au kwa mdomo? Mjadala kutoka Lamu

Mwanzilishi wa hoja, Langoni, Lamu

Nduzangu, salaam. Naweka hoja, na upande wangu nautaja mapema: mbunge wetu akitaka kumbana waziri, kwanza amwandikie swali la kujibiwa kwa maandishi, ndipo baadaye amwite asimame mbele ya kamera. Jana jioni pale Mkunguni, mbele ya ngome, baraza zima lilinipinga. Nimeileta hapa ili anayepinga apinge na sababu yake.

Mazungumzo yalianza na fidia ya wavuvi. Kwa asiyeijua habari yenyewe: bandari ya Lamu ilipopangwa kujengwa Kililana, wavuvi walikwenda kortini mwaka 2012. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi ikaamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mei 2021 gati la kwanza likafunguliwa.

Ami yangu ni mvuvi, alikuwa akitega madema upande wa Mkanda. Karatasi zake ameziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga ili panya na unyevu wa chumvi visizifikie: leseni za uvuvi za miaka iliyopita, fomu aliyojaza, na nakala ya kitambulisho iliyofifia hata uso umebaki kivuli. Kila ukiitwa mkutano kuhusu fidia hulitia kopo kwapani akaenda. Huko huombwa nakala zile zile alizokwishatoa, kisha huambiwa jambo linashughulikiwa. Akirudi nyumbani mimi humuuliza: ni nani aliyesema, na alisema lini litakwisha? Hajui. Neno la mkutanoni halitiwi koponi.

Sasa Bunge. Hadi Bunge la Kumi lilipomaliza muda wake mapema 2013, waziri alikuwa mbunge, na swali lilimkuta kitini humo humo ukumbini. Katiba ya 2010 ikamtoa. Kifungu cha 153 kinamtaka afike mbele ya kamati ya Bunge la Kitaifa au ya Seneti anapohitajika, ajibu swali lolote kuhusu kazi aliyokabidhiwa, tena awe akilipa Bunge taarifa kamili na za mara kwa mara. Tangu 2023 mawaziri wameanza tena kuingia ukumbini kujibu maswali, na watu wakafurahi. Hapo ndipo ninapoulizwa: waziri mwenyewe anakuja, karatasi ya nini tena?

Ni kwa sababu ukumbini ana dakika chache na nchi nzima inamngoja. Lamu tuna mbunge wa Mashariki, wa Magharibi na mwakilishi wa wanawake. Watu 3 kati ya wabunge 349 wa Bunge la Kitaifa. Zamu yao ya kusimama ikifika, swali lenyewe lazima liwe fupi na jibu liwe fupi zaidi. Swali la maandishi haligombei dakika na mtu. Laweza kudai jedwali: majina mangapi, wadi ipi, shilingi ngapi, tarehe gani. Jedwali la watu 4,600 halisomwi kwa mdomo, na likisomwa hakuna atakayelishika. Huko India, Lok Sabha, yaani baraza la chini la Bunge lao, hupanga kwa siku moja hadi maswali 20 ya kujibiwa kwa mdomo, yenye alama ya nyota, na hadi 230 yasiyo na nyota, ya maandishi. Uingereza nako, mbunge wa Bunge la Makabwela akiuliza kwa maandishi hutarajia jibu kwa kawaida ndani ya siku 5 za vikao, na jibu hilo huwekwa hadharani akalisoma yeyote. Hizo ni nchi ambazo mawaziri wanakaa bungeni kila siku, na bado karatasi hawajaiacha.

Mchangiaji wa Barani, Malindi

Ndugu yangu wa Langoni, nakuheshimu, ila hapa sikubaliani nawe hata kidogo. Nimekuwa karani wa serikali miaka mingi, nalijua jibu la maandishi linavyopikwa. Waziri haliandiki yeye. Linaanzia kwa ofisa wa chini anayelijua jambo, naye huandika ukweli. Kisha linapanda meza kwa meza, na kila meza inafuta neno moja lenye makali. Likifika juu limebaki "serikali imejitolea" na "hatua zinachukuliwa". Waziri anatia saini. Mbunge analipokea, analitia faili, na wewe huko Lamu hujui hata kama lilikuja.

Mtu akisimama mbele yako unamwona anavyobabaika. Sisi wa pwani tunaosikiliza redio za Tanzania tunalijua hili. Dodoma mawaziri ni wabunge, kikao cha asubuhi huanza na maswali, na swali la msingi likishajibiwa hufuata maswali ya nyongeza. La msingi waziri ameandikiwa jibu lake, analisoma tu. La nyongeza ndilo linalomtoa jasho, maana hapo karatasi imekwisha na lazima aonyeshe kama wizara yake anaijua. Wewe unataka tubaki na ile sehemu ya kusomewa, tuitupe ya jasho.

Na hiyo karatasi meno yake ni yapi? Kifungu cha 152 kinaruhusu hoja ya kumtaka Rais amfute waziri ikiungwa mkono na angalau robo ya wabunge, yaani 88. Mei 2024 hoja ya namna hiyo ilipita dhidi ya aliyekuwa waziri wa kilimo, Mithika Linturi, kwa suala la mbolea bandia. Ikaundwa kamati ya wabunge 11, ikasema madai hayakuthibitishwa, mambo yakaishia hapo. Jambo lililotikisa nchi nzima limekwisha hivyo. Swali la karatasi la mbunge mmoja wa Lamu litamkosesha nani usingizi?

Mchangiaji wa Mokowe

Nyote wawili mwazungumza kana kwamba kila kero ni ya waziri. Kikundi chetu cha akina mama kilimwandikia mbunge kuhusu dawa za zahanati. Tulingoja miezi. Jawabu likaja kwamba zahanati ni kazi ya kaunti, twende kwa mwakilishi wa wadi. Ilikuwa kweli, Jedwali la Nne la Katiba ndivyo lilivyogawa, na sisi tulikuwa tumeshamsema mtu wa watu vibaya. Uvuvi wenyewe umegawanywa, upande mmoja kaunti, upande mwingine serikali kuu. Kabla ya kubishana karatasi au mdomo, mwanangu wa Langoni, jua kwanza mlango unaoubisha ni wa nani.

Mwanzilishi wa hoja

Mama, shikamoo, nimekusikia. Bandari na fidia hii ni mambo ya serikali kuu, hapo sina wasiwasi. La zahanati swali lake liulizwe katika bunge la kaunti, na huko nako naomba liulizwe kwa maandishi.

Bwana wa Malindi, ulivyoeleza meza kwa meza naamini, maana umezikalia. Lakini angalia umeniambia nini. Umesema ofisa wa chini huandika ukweli. Maana yake takwimu zipo mahali, kuna mtu anazijua. Swali likiwa pana, "serikali ina mpango gani kuhusu wavuvi wa Lamu", hizo meza zina nafasi ya kufuta wapendavyo. Swali likiuliza "ni wavuvi wangapi wamelipwa, na kila mmoja kiasi gani", kitakachofutwa ni nambari, na nambari ikifutwa pengo linaonekana. Jibu bovu lenye saini na tarehe ni ushahidi. Mbunge anasimama nalo mkononi mbele ya kamati anasema: mwezi fulani uliandika hivi, leo wasema vile, lipi ni lipi? Nyongeza unayoisifu huzaliwa hapo. Mbunge asiye na nambari mkononi atauliza nyongeza ya nini? Atamwomba waziri azuru Lamu, waziri ataahidi kuzuru, watu watapiga makofi.

Na hili la kumfuta waziri, kaka, ndilo nisilolitaka lituchukue. Ami yangu hajamwomba mtu amfukuze waziri. Anataka kujua kama jina lake limo kwenye orodha. Tumezoea kuupima uwajibikaji kwa kuhesabu walioanguka, na yule aliyebaki kitini miaka mitano bila kuulizwa nambari hata moja hatumwoni.

La faili nakubali limenishinda nguvu. Ni kweli jibu hufia kwa mbunge. Lakini tuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016: mwananchi akiomba habari kwa ofisi ya umma, anapaswa kujibiwa ndani ya siku 21. Tukijua swali limejibiwa, jibu tunaweza kuliomba wenyewe. Tusichojua ni kwamba lilipata kuulizwa.

Mchangiaji wa Faza

Mimi ni mdogo kwenu, naomba nafasi. Mnasahau lugha. Ofisi moja huku ilibandika ukutani barua kuhusu mambo ya bahari, kurasa tatu, Kiingereza kitupu. Babu yangu akanishika mkono nikamsomee. Nimemaliza kidato cha nne na alama nzuri, lakini nilikwama mstari wa pili, nikabaki kukisia, naye akanitazama kama mtu niliyekula ada bure. Wazee watatu wengine walikuwa nyuma yetu wakingoja nifasiri. Kila mmoja aliondoka na maana yake.

Kifungu cha 120 kinasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Basi mbunge wa Lamu aandike swali kwa Kiswahili na adai jibu kwa Kiswahili. Hapo upande wa kaka wa Langoni una maana kwangu. Likija kwa Kiingereza, mimi ni wa yule wa Malindi, afadhali waziri aje aseme kwa mdomo, maana wakisimama hadharani wengi wao hukizungumza Kiswahili vizuri tu.

Mwanzilishi wa hoja

Mdogo wangu, hilo sikuliwaza, na ni zito kuliko niliyoyasema mimi. Nimekaa usiku huu nikaandika swali lenyewe, nalileta mlikosoe kabla halijafikishwa kwa mbunge:

"Je, Waziri anaweza kueleza kwa maandishi, kwa lugha ya Kiswahili: (a) ni wavuvi wangapi wa Kaunti ya Lamu waliomo katika orodha ya fidia iliyotokana na hukumu ya mwaka 2018 kuhusu ujenzi wa bandari, na idadi yao kwa kila wadi, (b) ni wangapi wamelipwa, kiasi gani kwa kila mmoja, kwa fedha au kwa vyombo vya uvuvi, (c) orodha hiyo imewekwa katika ofisi gani ndani ya Lamu ambako mvuvi anaweza kuikagua, na (d) ambaye jina lake limekosekana apeleke karatasi zake kwa nani?"

Mchangiaji wa Barani, Malindi

Sasa tunazungumza kazi. Liondoe neno "hukumu" katika (a), andika "fidia ya wavuvi walioathiriwa na ujenzi wa bandari". Ukitaja hukumu, mtu atasimama aseme jambo liko mahakamani, na Spika akikubali swali limekufa kabla ya kufika wizarani. Katika (b) ongeza "kufikia tarehe ya jibu hili", la sivyo utaletewa takwimu za miaka iliyopita na hakuna atakayekuwa amekudanganya. Na (d) usikubali jina la idara tu. Dai cheo cha ofisa na mji alipo, maana wizara ina idara nyingi na ami yako ana nauli moja.

Ukilirekebisha hivyo nitatia jina langu chini ya barua ya kulipeleka. Lakini msimamo wangu ni ule ule: jibu likishakuja, lisiishie kwa mbunge wala kwenye kopo. Nataka waziri aitwe, asimame, aulizwe (c) kwa mdomo, naye aitaje hiyo ofisi sote tukimsikia.