Raba mpya zinanigonga vidole nikishuka mteremko wa Mweka, nivumilie au nirudie za zamani?

Binti_Longuo: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri wa haraka. Nimejiandikisha Kili Marathon ile ya km 21, ndo mara yangu ya kwanza na zimebaki wiki tatu. Raba za zamani soli imelika upande mmoja mpaka imekuwa laini kama kipara, nikajichanga nikanunua mpya hapahapa Moshi mjini, namba 40 kama siku zote, nilijaribu asubuhi nikatembea hatua mbili tatu dukani nikaona poa. Jumamosi nikapanda nazo Mweka. Kupanda safi kabisa, kasheshe kushuka, vidole vinasukumwa mbele vinagonga kila hatua, nimefika nyumbani kucha ya kidole gumba imevilia damu na vigimbi vinauma mpaka leo Jumatatu. Hela imeniuma jamani. Zitatanuka?

Mangi_Mbio: Dada usivumilie, raba haitanuki urefu hata uivae mwaka. Kosa ni kujaribu asubuhi, mguu unakuwa haujavimba, na ukikimbia masaa mawili unavimba kweli. Vaa soksi zako za mazoezi jioni, simama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Na kirefu sio lazima kiwe gumba, mimi cha pili ndo kinazidi.

Binti_Longuo: Nimepima sasa hivi kaka, nafasi haifiki hata nusu ya hiyo 😢

Kocha_Sakina: Basi ni ndogo. Ila hata ukipata 41 jifunze kufunga kamba kwa ajili ya mteremko, yale matundu ya mwisho kabisa juu ambayo wengi huwa hawayatumii, pitisha kamba upande huohuo upate kitanzi kidogo kulia na kushoto, halafu vusha kila kamba kwenye kitanzi cha mwenzake ukaze, kisigino kitakaa na mguu hautatelezea mbele. Kuhusu vigimbi, kisigino cha hizo mpya kiko chini kuliko za zamani?

Binti_Longuo: Boksi linasema kisigino kimezidi mbele kwa mm 4, za zamani nakumbuka zilikuwa 10.

Kocha_Sakina: Ndo hapo sasa. Kisigino kikishuka hivyo kigimbi na kano ya nyuma vinavutwa zaidi, na wewe siku ya kwanza tu umevipeleka Mweka! Anza km 4 au 5 tambarare, siku nyingine vaa za zamani.

Mama_Pasua: Mwanangu kucha usiitoboe mwenyewe, ikianza kupwita nenda zahanati. Na soksi za pamba achana nazo, zinashika jasho zinaleta malengelenge.

Binti_Longuo: Mrejesho wakuu, asanteni sana, na wewe mama yangu shikamoo. Dukani wamekataa kubadilisha kwa vile nimeshazikimbilia, mdogo wangu anavaa 39 kazichukua kwa nusu bei, nimeongezea nimepata 41 ya mm 8, safari hii nimejaribu saa kumi na moja jioni. Jana nimefunga kamba kama kocha alivyosema nikashuka taratibu toka Shanty Town mpaka mjini, vidole havijagonga kabisa. Mweka nirudi lini?

Kocha_Sakina: Kucha ikiacha kuuma. Jumapili hii km 8 tambarare, inayofuata panda Mweka ila geuzia nusu njia, na wiki ya mwisho usikimbie mbali.

Binti_Longuo: Sawa kocha 🙏