Siku 12 kutoka Nairobi: Lima, Cusco, Machu Picchu, na Buenos Aires itaingia wapi?

tikiti_ya_dirishani (Kileleshwa)

Wadau, salaam. Tuko wawili, sote tumepita miaka 55, na tuna siku 12 tangu kufunga mlango hadi kuufungua tena. Pesa ya hoteli nzuri na treni nzuri ipo. Tulichokosa ni muda. Mpango ulivyo sasa: kuondoka JKIA tarehe 24 Julai, Lima (Peru) usiku 1, Cusco usiku 3, magofu ya Machu Picchu kwenda na kurudi siku hiyo hiyo, La Paz (Bolivia) usiku 1 ili tuone magofu ya Tiwanaku, kisha Buenos Aires usiku 2 ndipo turudi. Ajenti anasema inawezekana. Mnaonaje? Na huo mwinuko wa Cusco, sisi watu wa Nairobi tuuogope kweli au tumeshazoea?

karani_wa_nauli

Kwenye karatasi inawezekana. Lakini kila unapohama mji kwa ndege, nusu siku imekwenda, hata kama ndege yenyewe ni ya saa moja na dakika 20 kama ile ya Lima hadi Cusco.

Futa La Paz kwanza. Uwanja wake, El Alto, uko juu ya mita 4,000, na Tiwanaku iko kilomita kama 70 kutoka mjini. Kwa usiku mmoja mtaona dirisha la gari na dari ya chumba. Buenos Aires ni mji mzuri sana, ila hauna magofu ya kale mliyoyafuata, uko saa nne na nusu hivi kwa ndege kutoka Lima, na Argentina ina viza yake. Hakuna viza moja ya Amerika Kusini iliyo kama Schengen. Kila nchi ina fomu yake na subira yake, kwa hivyo viza zianze kabla hujalipia chochote kisichorudishwa.

Tarehe nazo zisogezeni. Tarehe 28 na 29 Julai Peru husherehekea uhuru, wenyeji wote wako barabarani na bei za hoteli na ndege za ndani hupanda. Kiangazi cha milimani ni Mei hadi Septemba, basi nendeni baada ya wiki ya kwanza ya Agosti.

Njia: KLM na Air France zote zinaruka kutoka Nairobi, na zote zina ndege ya moja kwa moja hadi Lima kutoka Amsterdam au Paris. Hesabu kama saa 8 za kwanza, kisha 12 na ushee. Ukiona nauli tamu inayopitia Marekani, kumbuka kule hata kubadilisha ndege tu kunahitaji viza. Mtego wa São Paulo ni mwingine: ukinunua tikiti mbili tofauti, mzigo hautaunganishwa, itabidi utoke kuuchukua, na kutoka maana yake ni uhamiaji. Safari nzima ya kimataifa iwe kwenye tikiti moja.

Ningepanga hivi. Siku ya 2 jioni mnatua Lima, siku ya 3 mnakaa hapo. Siku ya 4 ndege ya asubuhi hadi Cusco, na kutoka uwanjani mnateremka moja kwa moja Bonde Takatifu, lile bonde la mto lililo chini kuliko Cusco, bila kulala mjini. Siku ya 5 bondeni. Siku ya 6 treni, Machu Picchu mchana, mlale pale chini, mji wa Aguas Calientes. Siku ya 7 ingieni mara ya pili, kisha treni ya kurudi Cusco. Siku ya 8 Cusco. Siku ya 9 rudini Lima, siku ya 10 jioni muanze kurudi nyumbani. Usiku wa mwisho uwe Lima, si Cusco: ndege za Cusco huahirishwa kwa hali ya hewa, na iliyoahirishwa asubuhi itakukosesha ya Ulaya jioni.

mlimani_4985

Kuhusu kuzoea: Nairobi iko kama mita 1,700, Cusco iko 3,400. Mara mbili. Kwa aliyepanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon, Cusco ni juu kidogo ya kambi ya Old Moses, tofauti ni kwamba huko unafika kwa ndege ukitoka usawa wa bahari, bila kutembea siku nzima. Kuishi Nairobi kunasaidia kidogo, hakukupi kinga.

Ndiyo maana mpangilio wa karani ni sahihi. Miji ya bondeni, Urubamba iko kama mita 2,870, Ollantaytambo 2,790, Machu Picchu yenyewe 2,430 tu. Watu hudhani magofu ndiyo yako juu kuliko mji, ni kinyume. Ukilala bondeni usiku mbili, kisha Machu Picchu, unaingia Cusco mwili umeshapata siku tatu za kujifunza.

Maumivu ya kichwa huja saa 6 hadi 12 baada ya kufika, si pale pale, kwa hivyo usijidanganye ukishuka ndege mzima. Siku ya kwanza kula kidogo, kunywa maji, usipande ngazi za magofu, pombe iache usiku mbili. Kuna dawa ya asetazolamaidi. Kipimo cha kawaida cha kujikinga ni miligramu 125 mara mbili kwa siku kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa mwenye mzio wa dawa za salfa au shida ya figo. Itakufanya ukojoe mara kwa mara na vidole viwashe, hiyo si hatari. Kichwa kikiambatana na kutapika, kuyumba au kukosa pumzi ukiwa umekaa, teremka, usingoje asubuhi. Hoteli kubwa za Cusco huwa na oksijeni, na ile ya Monasterio huiingiza hadi vyumbani, lakini oksijeni ya hoteli haichukui nafasi ya kuteremka.

Chanjo ya homa ya manjano ichomwe angalau siku 10 kabla, na kadi ikae pamoja na pasipoti. Kadi hiyo sasa ni ya maisha, hata ile ya zamani iliyoandikwa miaka 10.

asiye_na_haraka

Hapo kwenye tikiti za Machu Picchu ndipo pesa nyingi haziwasaidii watu. Tikiti ina jina, nambari ya pasipoti, saa ya kuingia na njia, na hairudishwi. Ukibadilisha pasipoti baada ya kununua, beba zote mbili. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, yote matatu, si lile la kazini.

Tangu Juni 2024 kuna mizunguko mitatu. Wa 1 unapita juu, unapata ile picha inayojulikana lakini huingii katikati ya mji. Wa 2 unapata picha na mji wenyewe. Huu ndio unaoisha mapema. Wa 3 unapita chini, na kupanda Huayna Picchu kumewekwa humo kama njia 3-A. Wengi hulipia Huayna Picchu, wakafika mlangoni, ndipo wanagundua ile picha haimo. Kwa kuwa mnalala pale chini, nunueni mara mbili: wa 1 mchana wa siku ya 6, wa 2 asubuhi ya siku ya 7. Msikimbilie ile ya saa kumi na mbili alfajiri. Mara nyingi ukungu huwa bado umelala juu ya mawe. Saa mbili au saa tatu ni bora. (Tikiti itaandika 08:00. Saa za huko ni za kuhesabu tangu usiku wa manane, msije mkachanganya.)

Ndani hakuna choo, hakuna kutoka na kurudi kwa tikiti ile ile, hakuna mwavuli wala miguu ya kamera, na mkoba usizidi sentimita 40 kwa 35 kwa 20. Basi kutoka mjini Aguas Calientes hupanda kwa nusu saa hivi, kona juu ya kona. Hoteli iliyo mlangoni kabisa ni moja tu, ya kampuni ya Belmond. Bei yake inauma, lakini inakuondolea foleni ya basi alfajiri.

Treni hazipokei masanduku makubwa. Iambieni hoteli ya bondeni iyapeleke kwa gari hadi hoteli ya Cusco, nanyi mbebe begi dogo la usiku mmoja.

tikiti_ya_dirishani

Asanteni sana. La Paz nimeifuta. Ile treni ya kifahari ya Hiram Bingham tuipande kwenda au kurudi? Na ile siku ya Lima tufanye nini ikiwa tumechoka?

asiye_na_haraka

Kurudi. Kwenda nayo unafika mchana ukiwa umeshiba na glasi mkononi, na magofu yanataka miguu myepesi. Kwenda, chukueni treni ya kawaida ya vioo vya darini kutoka Ollantaytambo, haizidi saa mbili. Jioni kazi imekwisha, chakula na muziki vina nafasi yake. Ila haifanyi kazi kila siku, kwa hivyo angalieni ratiba yake kabla ya kufunga tarehe nyingine.

mama_wa_Ngara

Lima Agosti ni kijivu, hainyeshi lakini jua halionekani. Fikiria Limuru mwezi wa saba. Cusco ni kinyume: jua kali mchana, usiku karibu na sifuri. Bebeni nguo za tabaka.

Siku ya Lima ya waliochoka: asubuhi Huaca Pucllana, piramidi ya matofali ya udongo katikati ya Miraflores, iliyojengwa karne nyingi kabla ya Wahispania. Matofali yamesimamishwa wima kama vitabu rafuni ili tetemeko liyayumbishe bila kuyabomoa. Mchana ceviche (samaki mbichi aliyelowekwa kwenye ndimu), wenyeji huila mchana, na sehemu nyingi nzuri hufunga jioni. Kisha makumbusho ya Larco. Chakula kikubwa kiwekeni siku ya 9, si usiku wa kuamkia Cusco. Central ilishika nafasi ya kwanza katika orodha ya mikahawa 50 bora duniani 2023, na Maido 2025. Meza hukamatwa miezi kabla.

Jambo ambalo ajenti hatakuambia: mgeni asiyekaa Peru husamehewa kodi ya chumba cha hoteli, ila si kwa kuonekana mgeni tu. Onyesha pasipoti na rekodi ya kuingia, na hoteli haitakutoza kodi ya asilimia 18 kwenye chumba. Kwenye chumba cha dola 500 hiyo ni dola 90 kwa usiku. Ulizeni kama bei mliyopewa imeijumlisha.

karani_wa_nauli

Na Buenos Aires, kama moyo haukubali: nendeni kwa Ethiopian, ambayo kutoka Addis inaruka São Paulo na Buenos Aires, mtoke kwa mji huo badala ya Lima. Mtaongeza viza moja na kupoteza siku ya Cusco. Angalieni tu ndege ya kutoka Lima inatua Ezeiza au Aeroparque, maana ni viwanja viwili tofauti, na ya Addis huondokea Ezeiza.

mlimani_4985

Nyongeza mbili. Plagi zetu za miguu mitatu haziingii Peru, beba kibadilishi. Na chai ya koka ni halali huko, watakupa kila hoteli. Inyweni huko huko. Vile vifuko vyake usivitie kwenye sanduku hata kimoja, kwa sababu Amsterdam na JKIA jani hilo ni dawa ya kulevya.