Kurekodi tamthilia: dikoda ya kulipia au ya bure na flashi?

Mama Viazikarai, Likoni
Hodi jamani. Mimi hukaanga viazi karai nje tangu saa kumi hadi saa nne usiku. Tamthilia yangu ya saa moja na nusu naisikia tu dirishani, siioni. Nataka niwe nairekodi. Duka moja Digo Road waniambia Explora, dikoda ya kulipia ya DStv inayorekodi. Kijana wa Mwembe Tayari asema dikoda ya bure, isiyo na malipo ya kila mwezi, ya shilingi 3,500 yatosha, nichomeke flashi nyuma. Nani amejaribu?

Babu wa Kibokoni
Zamani deki na kanda, ukibonyeza kitufe chekundu basi.

Fundi wa Majengo
Mama, usiangalie bei ya dukani peke yake. Explora ni mashine nzuri, yarekodi chaneli moja huku mwatazama nyengine. Lakini utalipa kifurushi kila mwezi, na ada ya kurekodi juu yake. Hata ingekuwa 1,500 tu, mwaka ni 18,000. Tena ulichorekodi hukaa mle mle ndani, huwezi kumpelekea dada yako Mtwapa.

Ya bure, ongeza flashi ya giga 64, mimi nilinunua 900. Jumla 4,400, umemaliza. Saa moja ya picha ya kawaida hula kama giga moja, kwa hivyo ni vipindi vingi. Flashi ikiwa FAT32, yaani mpangilio wa zamani wa kuhifadhi faili, faili moja haipiti giga 4: tamthilia haikusumbui, ila harusi ya muda wa saa sita itakatika. Na kabla hujalipa, mwambie muuzaji arekodi dakika mbili mbele yako. Ziko zilizo na tundu la USB la kuchezea nyimbo tu, kurekodi hazijui!

Kasoro yake: ikirekodi, chaneli nyengine nyingi hazifunguki mpaka imalize. Na stima ikipotea katikati, kipindi kimekwenda.

Mama Viazikarai, Likoni
Ahsante mwanangu. Nimechukua ya 3,500, muuzaji wa kwanza alikataa kunijaribia nikamuacha na dikoda yake. Jana nimeiona mpaka mwisho, saa tano usiku, mikono bado yanuka mafuta. Mzee alitaka mpira, akabonyeza rimoti weee, haibadiliki. Akatoka kwenda kutazama kwa jirani.