"She doesn't cooks", "Did he went": Gredi ya 7 nianze na kosa lipi?

Mzazi_Nyalenda

Hamjambo walimu. Nasimamia masomo ya jioni ya watoto wachache wa Gredi ya 7 na ya 8 hapa Nyalenda, Kisumu. Kiingereza cha mdomo wanacho, shida iko kwenye daftari. Makosa ni yaleyale:

"She doesn't cooks ugali."
"Does he plays football?"
"Did he went to Kibuye?"
"My mother she sells fish."

Nikisahihisha wananakili vizuri kabisa, halafu wiki inayofuata kosa limerudi. Nina ubao mdogo, chaki, na kama dakika 40 kila jioni. Nianze na lipi, na nilifundishe vipi lishike?

Mwalimu_Kondele

Hatujambo, karibu. Tazama orodha yako tena: makosa matatu ya kwanza ni kosa moja. Mtoto ameweka alama mara mbili. Katika "doesn't cooks" alama ya nafsi iko kwenye "does" na tena kwenye "cooks". Katika "did he went" wakati uliopita umeshabebwa na "did", na "went" ikaubeba tena. La nne lina chanzo kingine, liweke kando kwanza.

Chanzo cha hayo matatu kiko kwenye lugha anayoizungumza nyumbani. Kiswahili hakina kitenzi kisaidizi cha kuuliza: "Mama anapika" na "Mama anapika?" ni maneno yaleyale, kinachobadilika ni sauti. Na tukikanusha tunakigusa kitenzi mbele na nyuma, "anapika" inakuwa "hapiki". Kwa mtoto huyu kugusa mahali pawili ni jambo la kawaida. Ukimwambia tu "hapa s haifai", ataifuta kwenye sentensi hiyo na kanuni hataiona. Ndiyo maana kosa linarudi.

Kanuni ni hii: alama ni moja, na hukaa kwenye kitenzi cha kwanza.

Kata kipande cha karatasi, uandike s kubwa. Kimoja tu, usitengeneze cha akiba. Andika ubaoni "She cook ugali", uache nafasi baada ya "cook". Mtoto mmoja abandike s kwa selotepu: "She cooks ugali." Sasa wageuze iwe swali. Weka "do" mbele ya "she". Kitenzi cha kwanza sasa ni "do", kwa hiyo karatasi lazima ibanduliwe kwenye "cook" ihamie huko, na wewe uongeze e kwa chaki: "Does she cook ugali?" Waulize "cook" imebaki na nini. Haina kitu, maana karatasi ni moja na imeshahama. Fanyeni vivyo hivyo kwa kukanusha: "She does not cook ugali." Mkono unaobandua uwe wa mtoto. Ukimfanyia wewe, atakubali kwa kichwa na kesho ataandika "doesn't cooks".

Wakishaelewa, kila jioni wape sentensi nane hadi kumi, na kila moja waiandike kwa sura tatu: kauli, kukanusha, swali. "The matatu stops at Kondele. The matatu does not stop at Kondele. Does the matatu stop at Kondele?" Wasiruke kwenda wakati uliopita hadi sura hizi tatu zitoke bila kusitasita.

Mambo yatakayokukwamisha njiani:

Tahajia. Kitenzi kinachoishia na ss, sh, ch, x, z au o huchukua es: "washes", "teaches", "fixes", "goes". Konsonanti ikifuatwa na y, y inageuka: "carry", "carries". Irabu ikiwa mbele ya y, haigeuki: "plays", "buys". "Have" inakuwa "has".

Kitenzi "be" hakiiti "do". Ukishafundisha "does", utaanza kuona "Does she is sick?" Waambie mapema kwamba "is" inaruka yenyewe mbele: "Is she sick?" Vilevile "can", "must", "will" na "should" hazipokei s, na kitenzi kinachozifuata hakipokei pia: "She can swim."

Halafu kuna ile mbinu ya "s iwe upande mmoja tu", yaani "the girl cooks", "the girls cook". Inasaidia kidogo, lakini inaanguka ukifika "the children cook" au "the bus stops". Mimi siipendi. Afadhali mtoto ajiulize kama kiima kinaweza kubadilishwa na he, she au it. Kikiweza, s inakuja.

Kalamu_Nakuru

Nachukua lile la nne. "My mother she sells fish" linatoka kwenye kile kiambishi a- cha "Mama yangu anauza samaki". Mtoto anakitafsiri kila kipande, na a- inakuwa "she". Kiingereza hakitaki kiambishi hicho kikishakuwa na nomino: ama "my mother", ama "she".

Dawa yake ni mstari. Apige mstari chini ya kiima chote, kisha aangalie neno linalofuata mara moja. Lazima liwe kitenzi, au neno kama "often" au "always" linalokitangulia. Likiwa he, she, it au they, alifute. Msisitize "kiima chote", kwa sababu kosa huota zaidi kiima kikiwa kirefu: "The woman who sells omena near the stage she is my aunt." Hapo mstari unaanzia "The" na kuishia "stage".

Kosa hilihili linajificha pia upande wa yambwa, yaani kitu kinachotendwa. "Kitabu ambacho nilikinunua" kina -ki- ndani ya kitenzi, basi mtoto anaandika "the book which I bought it". "Which" tayari ndiyo kitabu, kwa hiyo "it" inaondoka.

Na ukiona "My father... she", usidhani mtoto hajui nani ni mwanamume. A- ya Kiswahili haitofautishi jinsia, na "en" ya Dholuo haitofautishi pia. Wanapomaliza aya, wairudie mara moja wakitafuta he na she pekee, kila moja wairudishe kwa mshale hadi kwenye jina lake.

MwlKakamega

Naunga mkono karatasi ya Mwalimu_Kondele, ila ninaomba "did" isiingie kabla watoto hawajawa na vitenzi vya wakati uliopita mkononi. Mtu asiyejua kwamba "went" ni "go" hataelewa kwa nini "did" inairudisha kuwa "go".

Kwa vitenzi vya kawaida, angalia masikio kabla ya kalamu. Ed ina sauti tatu: t kwenye "cooked", d kwenye "played", na silabi kamili kwenye "wanted" na "needed". Katika "She cooked chapati" ile t humezwa na ch inayofuata, mtoto haisikii, kwa hiyo anaandika "Yesterday she cook". Wasome vitenzi vikiwa peke yake kwanza, kisha ndani ya sentensi. Kuhusu tahajia, "stop" inarudufisha konsonanti, "stopped", lakini "visit" hairudufishi, "visited", kwa kuwa mkazo uko kwenye silabi ya kwanza.

Visivyo vya kawaida usiwape kwa alfabeti. Vipange kwa familia: "cut, put, hit" havibadiliki; "drink, sing, begin" vinakuwa "drank, sang, began"; "buy, bring, think, teach, catch" vinaishia na sauti moja, ingawa tahajia ni "bought, brought, thought" kwa upande mmoja na "taught, caught" kwa mwingine. Vitano kwa jioni vinatosha, na kila kimoja kitumike kwenye swali la "did".

Jingine litakalokuja muda si mrefu: "I have seen him yesterday." Hiyo ni -me- yetu, ile ya "nimemwona". Wakati uliokwisha ukitajwa, kama "yesterday", "last week" au "in 2023", "have" haikai hapo. "I saw him yesterday."

Mzazi_Nyalenda

Asanteni sana, sasa naelewa kwa nini sahihisho halikuwa likishika. Maswali mawili ya mwisho. Nikisahihisha insha niweke alama kila kosa? Na hizi "a", "an" na "the" nizifundishe lini? Wananiandikia hata "the Lake Victoria".

Mwalimu_Kondele

Usiweke alama kila kosa. Ukurasa ukijaa wekundu mtoto anaangalia maksi na kufunga daftari. Chagua kosa unalofundisha wiki hiyo, weka nukta pembeni mwa mstari lilipo, bila kulirekebisha, na yeye mwenyewe alitafute. Mstari wenye makosa mawili ya aina hiyo upate nukta mbili. Makosa mengine yaandike kwenye daftari lako, yatakuja zamu yao.

Kalamu_Nakuru

"A" na "an" unaweza kuzianza hata kesho, kanuni yake ni fupi. Inafuata sauti, haifuati herufi: "an hour" kwa sababu h haitamkwi, "a university" kwa sababu inaanza na sauti y, "an MP" kwa sababu M hutamkwa "em". Sambamba na hizo fundisha nomino zisizohesabika, maana ndizo zinazoharibu insha nyingi: "furniture", "luggage", "information", "advice", "equipment". Hazichukui "a" wala s ya wingi. Anayetaka kuhesabu aseme "a piece of advice".

"The" ndiyo ngumu kwa sababu Kiswahili hakina kitu kama hicho. Anza na kutajwa mara ya pili: "I saw a boda boda. The boda boda had no lights." Ya kwanza msomaji haijui, ya pili anaijua. Kaeni hapo wiki nzima kabla ya kanuni nyingine yoyote.

Majina ya mahali tumia ya hapa kwetu. Ziwa moja na mlima mmoja havina "the": Lake Victoria, Lake Nakuru, Mount Elgon. Mito inayo: the Nzoia, the Yala. The Rift Valley inayo, the Indian Ocean inayo. Miji na kaunti hazina: Kisumu, Busia, Siaya County. Wape ramani ya magharibi mwa Kenya, waandike sentensi moja kwa kila jina watakaloliona, kisha mpitie "the" peke yake, mengine yote myaache siku hiyo.