Bourbon si gongo tu lililovaa tai?

Mbarikiwa77: Wakuu, shemeji kashuka toka Marekani na chupa ya bourbon, wiski ya huko. Nasoma lebo, kumbe mahindi! Sasa mbona gongo letu jeupe, hii ina rangi ya chai ya mkandaa?

FundiMapipa: Mkuu, niko Louisville, Kentucky, mwaka wa sita kwenye karakana ya mapipa. Ikitoka mtamboni nayo ni nyeupe pe, huwezi kuitofautisha na maji ya kisima. Rangi yote ni ya pipa. Sheria inataka pipa jipya la mwaloni, limechomwa ndani. Hapo ndipo ninapopatia ugali wangu: tunapuliza moto ndani ya pipa lisilo na mifuniko, kwa mchomo mkali sekunde 55 hivi, ubao unapasukapasuka kama gamba la mamba. Na kweli wanauita mamba. Kiangazi pombe inazama kwenye ubao, baridi ikija inarudi imebeba utamu wa mti ulioungua. Pipa ni lita 200, lakini kila mwaka sehemu ya pombe inayeyuka hewani. Wanaiita fungu la malaika. Ukipita karibu na ghala utajua malaika wa huku hawana kiasi.

Mahindi yasipungue asilimia 51. Kinachobaki ni rai (nafaka ya jamii ya ngano) au ngano, na kimea cha shayiri. Kimea kilekile cha bibi cha togwa, kazi yake kugeuza wanga kuwa sukari.

Mama_Kokoa: Nilisikia aliyeivumbua ni mchungaji?

FundiMapipa: Elijah Craig, Mbaptisti. Dada, hiyo ni hadithi tamu ya kuuzia chupa, ushahidi hakuna. Wakulima wengi walikuwa wanapika mahindi yao, na kwenye mitambo mingi jasho lilikuwa la watumwa, ambao lebo hazikuwataja. Ninayemvulia kofia ni James Crow, Mskoti wa miaka ya 1830. Alipima joto na uchachu, akaweka utaratibu wa kuchanganya machicha ya mpiko uliopita kwenye mpya, ili ladha isiyumbe. Mpishi wa gongo anakisia kwa ulimi.

Mbarikiwa77: Pipa likiisha kazi mnalijaza tena?

FundiMapipa: Kwa bourbon hapana, ni mara moja tu. Mengi yanapanda meli kwenda Scotland kulaza wiski yao. Langu moja nimelikata nusu, lipo uani na mchicha.

Mbarikiwa77: Chupa ilishaisha jana, wakuu. Nimebaki na lebo.