Triathloni ya kwanza, timu ya watu sita: kila mtu amalize mwenyewe au tupokezane?

Nyar_Winam (mwanzilishi wa mada)

Habari wanajamvi. Tuko sita, wanne Kisumu na wawili Nakuru, na tunajiandaa kwa triathloni ya kwanza, ile fupi: kuogelea mita 750, baiskeli kilomita 20, kukimbia kilomita 5. Tuna wiki 12. Wote tunakimbia vizuri, baiskeli zipo lakini za kila aina, na wanaoogelea bila kusimama ni wawili tu. Mezani kuna njia tatu:

A. Kila mtu afanye zote, mazoezi yote Kisumu kwa pamoja.
B. Kila mtu afanye zote, ila wa Nakuru wajifue huko na tukutane Jumamosi mojamoja.
C. Tugawanyike timu mbili za kupokezana: mmoja aogelee, mmoja aendeshe, mmoja akimbie.

Naomba ulinganisho. Na je, tuogelee ziwani pale Dunga au tulipie bwawa?

Kocha_Majini

Dada, maji ndiyo yatakayoamua. Ukichoka kukimbia unatembea, ukichoka kuendesha unashuka na kusukuma. Majini hakuna pa kushukia. Kwa hiyo msichague leo. Jifueni wiki sita, kisha kila mmoja apimwe: mita 400 bila kushika ukuta, bila kuangalia saa, mtindo wowote. Aliyefika abaki kwenye mbio kamili, asiyefika aende C. Kutoka 400 hadi 750 katika wiki sita zilizobaki inawezekana kabisa. Kutoka 50 hadi 750 ni kumwingiza mtu kwenye maji ya wazi akiwa na hofu.

Ogeleeni mara tatu kwa wiki, dakika 40. Saa mbili za Jumamosi pekee hazifui dafu, kwa sababu kuogelea ni ufundi na mwili huusahau upesi. Wiki mbili za kwanza kazi kubwa ni pumzi. Mwanafunzi huibana uso ukiwa ndani, halafu akigeuza kichwa anataka kutoa na kuvuta kwa pamoja. Nafasi haitoshi, anavuta kidogo juu ya hewa iliyokwisha kutumika, kifua kinabana, naye anadhani hana nguvu. Toa mapovu taratibu puani na mdomoni muda wote uso ukiwa majini, ili ukigeuka ubaki na kazi ya kuvuta tu.

Kisha: 16 za mita 25, pumziko sekunde 20 kila moja. Wiki ya tatu na ya nne, 8 za mita 50. Ya tano, 4 za mita 100. Ukiona miguu inazama, tatizo kwa kawaida ni kichwa kuangalia mbele. Angalia sakafu ya bwawa.

Pimeni bwawa kwa futi kamba kabla ya kulipa. Kwenye bwawa la hoteli la mita 15, mita 750 zina migeuko 49, na kila mgeuko unakupa msukumo wa ukuta na pumziko dogo. La mita 25 lina migeuko 29. Kwenye maji ya wazi hakuna hata mmoja. Kama mmepata fupi, geukeni umbali wa mkono mmoja kabla ya ukuta bila kuugusa.

Afya_Nyanza

Kuhusu ziwa: mazoezi ya kila wiki yafanyeni bwawani. Ghuba ya Winam, sehemu ya Ziwa Victoria iliyo Kisumu, ina kichocho. Vijidudu vinatoka kwa konokono wa kwenye majani ya ufuoni na kupenya ngozi kwa dakika chache tu. Kujifuta kwa taulo haraka si kinga ya kutegemea. Anayeingia ziwani, hata mara moja, apimwe baada ya wiki sita hadi nane na kumeza praziquantel akiambiwa na daktari. Akimeza mapema sana, dawa inaua minyoo waliokomaa na kuwaacha wachanga.

Halafu kuna viboko. Usiku hutoka kulisha nchi kavu, alfajiri wanarudi majini, na saa hiyo ndiyo mnayotaka kuanza mazoezi. Gugumaji nalo husukumwa na upepo, kwa hiyo ufuo uliokuwa wazi jana unaweza kuzibwa leo. Msiingie bila mashua ya mvuvi anayejua eneo, boya la kuvuta kwa kila mtu na kofia za rangi kali.

Kocha_Majini

Nakubaliana. Ujuzi wa maji ya wazi unaweza kufunzwa bwawani. Ogelea mapigo manane ya mikono macho yamefumbwa, fumbua, tazama umepotelea upande gani. Huko ndiko utakakopotelea siku ya mbio. Kila mapigo sita inua macho tu juu ya maji kama mamba, lenga alama, kisha geuza kichwa pembeni uvute pumzi. Ukiinua kichwa kizima, kiuno kinazama. Pia anzeni watatu kwa mpigo kwenye njia moja, mzoee kuguswa miguu na kurushiwa maji. Wengi huingiwa na hofu hapo, mita 100 za kwanza, wakiwa bado hawajachoka.

FundiSpoki

Nami nitasema ya baiskeli, maana hapo ndipo dakika zilipo. Kilomita 20 kwa mwendo wa 20 kwa saa ni dakika 60. Kwa 25 ni dakika 48. Ukijitesa kukimbia kilomita 5 kutoka dakika 6 hadi 5 na nusu kwa kilomita, unaokoa dakika mbili na nusu tu.

Black Mamba, ile baiskeli nyeusi ya kizamani: imara, ina breki mbele na nyuma, lakini nzito na haina gia. Kwenye tambarare ya Kano itakufikisha. Kupanda Kiboswa itakumaliza.

Baiskeli ya mlima ya mtumba: hii ndiyo ninayowashauri. Toa tairi za meno, weka laini za inchi 26 kwa 1.5, pampu hadi 55 au 60 psi mradi usizidi ilivyoandikwa ubavuni mwa tairi. Kama shokabu ya mbele ina kifungio, ifunge.

Baiskeli ya mbio: ina kasi zaidi, lakini tairi zake nyembamba hazipendi mashimo. Anayejifunza wiki ya tisa kubadili gia na kushika usukani wa kuinama atapoteza zaidi ya atakachopata.

Yoyote utakayochagua, panga kiti: kisigino kwenye pedali iliyo chini kabisa, mguu unyooke. Kiti kikiwa chini, goti linauma mbele. Ziba ncha za usukani; wakaguzi wanaweza kukuzuia kwa tundu lililo wazi.

Njia: Kisumu kwenda Ahero ni tambarare, anzeni saa kumi na mbili na nusu kukipambazuka, kabla ya matatu kujaa na upepo wa ziwa kuanza. Barabara za Kibos na Miwani ni tulivu zaidi ila zina trela za miwa. Muwe mstari mmoja, wa mbele aite "shimo!" na "matuta!".

Naks_Pedali

Natetea B. Nakuru iko takriban mita 1,850, Kisumu kama 1,130. Wawili hao wakihama kila wikendi watachoshwa na matatu. Wajifue barabara ya Njoro, waepuke ile kuu ya Naivasha kwa sababu ya malori. Wasilinganishe muda wao wa kuogelea na wa Kisumu, pumzi huku huisha mapema. Lakini Kisumu lazima waje angalau mara tatu kwa ajili ya joto: nusu lita hadi robo tatu ya maji kwa saa, wanywe wakiwa kwenye baiskeli.

Siku hizo fanyeni zoezi la kuunganisha: kilomita 15 za baiskeli, halafu papo hapo kilomita 2 za mbio. Miguu itakuwa mizito dakika tano za kwanza. Kata hatua ziwe fupi na za haraka, uzito utaondoka.

Mwamuzi_K

Kocha, mpango wako una pengo. Wanaojua kuogelea ni wawili. Wote wakienda mbio kamili, waliofeli mita 400 watapokezana na nani? Hesabu ni hii: kila wawili wasiofika wanahitaji mwogeleaji mmoja. Wakifeli wanne, wote sita ni C. Wakifeli wawili, mwogeleaji mmoja anajitoa. Akifeli mmoja tu, waulizeni waandaaji kama wanakubali timu ya watu wawili, mmoja akifanya sehemu mbili. Mkubaliane leo ni nani atajitoa, si wiki ya sita.

Nyar_Winam

Asanteni sana. Tunaenda na B hadi wiki ya sita, bwawa la mita 25, kisha kipimo. Mwogeleaji wa kujitoa amekubali. Kwenye kupokezana, kijiti ni nini?

Mwamuzi_K

Kwa kawaida ni mkanda wa kifundo cha mguu wenye chipu ya muda. Mwogeleaji anaingia eneo la kubadilishia, anauvua, anamfunga mwendeshaji mguu wa kushoto, mbali na cheni. Mwendeshaji awe amesimama kando ya baiskeli, helmeti kichwani na imefungwa kabla hajaigusa. Akirudi, aitundike kwanza, ndipo afungue helmeti. Fanyeni mara kumi uwanjani na mikono ikiwa imelowa, maana velkro yenye maji huteleza vidoleni.